Mwezi wa Kuhesabu na Mwezi wa Kuona

Kwenye uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki, mpimaji wa hali ya hewa hutoka nje kila saa, usiku na mchana, akainua macho. Huigawa mbingu mafungu manane kwa kukadiria, kisha huandika ni mafungu mangapi yaliyofunikwa na wingu: mawili, matano, au yote manane. Vyombo vya kupimia joto, unyevunyevu na mgandamizo wa hewa anavyo, ila wingu kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya jicho. Namba hiyo huenda kwa marubani, na hakuna rubani anayeuliza aliyeitoa anaswali msikiti gani.

Jioni ya siku ya 29 ya Shaabani, watu wengine huteremka kutoka mitaa hiyohiyo kwenda pwani ya Mazizini na Chukwani, wakaitazama mbingu ileile juu ya mkondo wa bahari. Hao wanatafuta mwezi. Ukionekana, kesho ni kufunga. Usipoonekana, au wingu likiutia mfukoni, Shaabani hutimizwa siku 30. Na mmoja wao akisema ameuona, maswali humiminika. Ulikuwa upande gani wa jua? Ulilalia vipi? Ulikaa muda gani? Nani mwingine aliyeuona? Na wewe mwenyewe ni mtu wa namna gani? Mpimaji wa uwanjani huulizwa alichokiona tu. Shahidi wa mwezi huulizwa pia yeye ni nani, na ndani ya swali hilo la pili ndimo yalimo karibu mambo yote ya sura hii.

Kitabu kinachozungumzia sayansi na imani hutarajiwa kumleta Galileo mbele ya mahakama ya kanisa Roma mwaka 1633, au John Scopes, mwalimu aliyeshitakiwa Tennessee, Marekani, mwaka 1925 kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe waliomtangulia. Kesi hizo ni za kweli na zina uzito wake, lakini zimezaliwa katika miji mingine, kwa ugomvi wa watu wengine, na sisi tumezipokea pamoja na hitimisho lake: kwamba mwenye darubini na mwenye msahafu lazima mmoja amshinde mwenzake. Ukitaka kesi ya Unguja, ya watu kununiana na ndugu wa baba mmoja kula Iddi siku mbili mbalimbali, kaa kibarazani Kiembe Samaki usiku wa kuangalia mwezi.

Nianze na lisilo na ugomvi, maana nalo lina la kusema. Njia ya ndege ya Kiembe Samaki imelazwa kaskazini na kusini. Namba zilizopakwa rangi kwenye ncha zake ni 36 na 18, yaani digrii 360 na 180 za dira. Viwanja hulazwa kwa kufuata upepo, na upepo wetu ni wa kaskazi na kusi. Lakini kibla chetu nacho ni kaskazini, digrii moja na kitu tu upande wa mashariki, kwa sababu Unguja na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo: Unguja digrii 39.2 mashariki, Makka 39.8. Abiria anayeruka kwenda kaskazini huwa ameelekea kibla bila kunuia. Na kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, jua la adhuhuri husimama juu kabisa ya Al-Kaaba saa sita na dakika 18 mchana kwa saa ya Makka, ambayo ndiyo saa yetu. Wakati huo simamisha kijiti wima kwenye uwanja wa msikiti wowote wa Kiembe Samaki. Kivuli kitalala kuelekea kusini, na ukiufuata mstari wake kinyume, kuelekea jua liliko, umepata kibla kwa usahihi ambao chombo cha bei kubwa hakitauzidi sana. Sheria inauliza upande, jiometria inajibu. Mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, inatazama kaskazini vivyo hivyo, na walioijenga hawakuona kwamba wamefanya suluhu kati ya mahasimu wawili.

Elimu ya falaki katika pwani hii ilikuwa riziki kabla ya kuwa mjadala. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alikuwa nahodha kabla ya kuwa kadhi. Mtu huyo mmoja alihitaji nyota ili chombo kifike na mwezi ili mfungo uanze. Ni vigumu kumdhania akizitia elimu hizo katika makasha mawili. Wakulima nao walikuwa na hesabu yao ya tatu, mwaka wa jua wa siku 365 unaoanzia Nairuzi, asili yake Uajemi, ambao watu wa Makunduchi bado huukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote, na huwezi kupandia mpunga kwa kuifuata. Basi watu walifunga kwa mwezi na kulima kwa jua. Hakuna aliyeitwa mbele ya kadhi kwa kuwa na kalenda mbili.

Ugomvi unaanza hapa: mwezi una mambo mawili, na watu huyachanganya.

La kwanza ni kukutana kwa mwezi na jua upande mmoja wa mbingu. Hutokea kila baada ya siku 29, saa 12 na dakika 44 kwa wastani, na wanafalaki wanaijua saa ya kila mkutano kwa miaka mingi ijayo bila kukosea dakika. Huo ni mwezi wa kuhesabu, hauna siri. La pili ni kuonekana. Baada ya kukutana, mwezi hujitenga na jua kiasi cha nusu digrii hivi kila saa, na mwanzoni ukingo wake unaopokea mwanga huwa mwembamba mno. Katika miaka ya 1930 André Danjon, mwanafalaki wa Ufaransa, alionyesha kwamba chini ya digrii 7 hivi za kutengana hakuna mwezi mchanga unaoonekana kabisa, hata mbingu iwe safi namna gani. Zaidi ya hapo kuna wingu, vumbi, mng'ao wa machweo, na jicho la mtazamaji. Sisi wa karibu na ikweta tumejaliwa kidogo: hapa mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi, ukawa karibu wima juu ya mahali jua lilipotulia, wakati mtu wa London anaweza kuukuta umelazwa pembeni mwa jua na kutua nalo. Lakini kiza chetu nacho huingia haraka, na nafasi ya kuutafuta ni fupi.

Kwa hiyo falaki inaweza kusema kwa yakini kwamba leo hauwezi kuonekana. Inaweza kusema, kwa uhakika mdogo zaidi, kwamba kesho pengine utaonekana. Haiwezi kusema kama Juma wa Chukwani ameuona.

Chukua tarehe 20 Aprili 2023. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wa Exmouth, Australia, waliona mchana ukigeuka usiku. Kupatwa kwa jua ndiko kukutana kwenyewe, hakuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huo. Na kulitokea muda mfupi baada ya saa moja asubuhi kwa saa yetu. Jua lilipotua jioni ile, Makka na Unguja, umri wa mwezi ulikuwa haujatimia saa 12, na kutengana kwake na jua hakujazifika digrii 7 za Danjon. Wanafalaki wengi walisema mapema kwamba Bara Arabu hautaonekana kwa jicho tupu. Saudia ikatangaza kwamba umeonekana, ikaswali Iddi Ijumaa tarehe 21. Oman ikasema haukuonekana, ikaswali Jumamosi tarehe 22. Nchi mbili jirani, za dini moja, zenye wanafalaki waliosoma vitabu vilevile.

Hapa msomaji atasema: basi sayansi imeshasema, aliyekosea anajulikana. Natamani ingekuwa nyepesi hivyo. Tazama wanavyojadiliana watu wa kwetu. Upande mmoja wapo wanaofuata mwezi wa hapa, kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Shafi: kila nchi na matlai yake, yaani mahali pake pa kuchomoza mwezi. Dalili yao kubwa ni kisa cha Kurayb, aliyerudi Madina kutoka Sham akaeleza kwamba kule wameuona mwezi usiku mmoja kabla, na Ibn Abbas hakuufuata mwezi wa Sham. Upande wa pili wapo wa mwezi wa kimataifa, wanaosema ukionekana popote umeonekana kwa wote. Na kauli hiyo nayo ina maimamu wakubwa nyuma yake. Kila upande una aya, hadithi na wanavyuoni.

Falaki inaingia katikati na kuwasumbua wote. Kwa mtu wa matlai inasema: eneo la kuonekana mwezi ni mkunjo unaopita juu ya bahari na mabara, haujui mpaka wa nchi wala wa kisiwa, kwa hiyo eleza kwa nini mwezi ulioonekana Lamu haukuhusu, na ulioonekana Pemba unakuhusu. Kwa mtu wa mwezi wa kimataifa inasema: unaposubiri habari kutoka magharibi, Indonesia usiku umeshakwisha na watu wameshaamka na daku au bila daku. Hoja ya longitudo, inayopendwa sana na vijana wenye simu, kwamba sisi na Makka tuko mstari mmoja basi mwezi wetu ni mmoja, nayo ina tobo. Latitudo zetu zinatofautiana kwa digrii 27 na zaidi, na latitudo ndiyo inayobadilisha jinsi mwezi unavyolala juu ya upeo. Kuna miezi ambayo Unguja ina nafasi nzuri kuliko Makka, na mingine kinyume chake.

Kumbe elimu hii imo ndani ya mjadala wa dini kwa karne nyingi. Taqiuddin al-Subki, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki Cairo mwaka 1355, alishikilia kwamba hesabu ya yakini ikionyesha mwezi hauwezekani kuonekana, ushahidi wa anayedai kauona hurudishwa, kwa kuwa hesabu ni yakini na ushahidi wa mtu ni dhana. Wenzake wa madhehebu hiyohiyo hawakukubali wote. Mwaka 1939 Ahmad Muhammad Shakir wa Misri, mtu wa hadithi si mtu wa darubini, alikwenda mbali zaidi na kutaka umma utegemee hesabu. Naye alipingwa. Huwezi kuuita mzozo huo vita vya sheikh na mwanasayansi. Wote ni masheikh.

Hata chombo kipya kilipofika, swali lilikuwa lilelile. Waya wa telegrafu kutoka Aden ulitua Unguja mwaka 1879, na kwa mara ya kwanza habari ya mwezi ingeweza kuvuka bahari kabla ya alfajiri. Ulimwengu wa Kiislamu ukauliza: je, waya ni shahidi? Huoni uso wake, hujui uadilifu wake, na katikati kuna karani ambaye pengine si Mwislamu. Jamaluddin al-Qasimi wa Damascus aliandika kitabu kizima mwaka 1911 kutetea kuifuata habari ya telegrafu. Leo hakuna anayetilia shaka simu. Anatiliwa shaka aliye upande wa pili wa simu.

Ndiyo maana nasema mzozo wa mwezi Unguja unahusu nani anayeaminiwa, na falaki hata ikikamilika vipi haitaumaliza. Mwaka 2001 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Mufti, na ofisi ya Mufti ikawa yenye sauti rasmi ya kutangaza mwandamo. Kwa baadhi ya watu hilo lilikuwa jambo jema, umoja wa Waislamu chini ya kauli moja. Kwa wengine ulikuwa mkono wa serikali umeingia msikitini, na kufunga siku tofauti na iliyotangazwa kukawa pia njia ya kuonyesha hivyo. Ukimpa mtu kama huyo jedwali la digrii na dakika atalisoma vizuri sana, pengine kuliko wewe, kisha atafunga siku aliyokusudia kufunga.

Lakini angalia kilichotokea katikati ya makelele hayo. Watu wasiokuwa na shahada ya chochote wanazungumza kwa ufasaha juu ya umri wa mwezi, pembe, machweo na upeo. Wanapakua programu za falaki kwenye simu na kuzikosoa. Wanaulizana ushahidi, wanataka kujua chanzo. Mimi sioni aibu katika ugomvi huo. Ni mjadala wa kielimu uliochangamka kuliko mingi inayofanyika kumbini, na unafanyika juu ya vibaraza vya saruji.

Imam Ghazali angewaelewa. Katika utangulizi wa kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa aliwaonya watu wa upande wake mwenyewe: kupatwa kwa jua na mwezi kumethibitishwa kwa hesabu na jiometria zisizoacha shaka, na anayedhani kuzikanusha ni kuitetea dini anaidhuru dini kuliko adui yake. Aliandika hayo mwishoni mwa karne ya 11. Na alikuwa na mfano wa kale zaidi. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Hapakuwa na wakati mwepesi zaidi wa kuiacha kauli hiyo ipite. Akaikataa: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Kisha akaswalisha. Wanahistoria wengi hulinganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 27 Januari 632, tarehe iliyopatikana kwa hesabu ileile aliyoitetea Ghazali. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipofanya pete juu ya Rujewa mkoani Mbeya, na kupatwa kwa sehemu huku visiwani, wapo walioswali Sala ya Kusufu na wapo waliotazama kwa miwani maalumu. Kufanya yote mawili hakukuwa na kizuizi chochote.

Sasa niende mahali palipouma.

Machi 2020, kanisani Dodoma, Rais John Magufuli alisema virusi vya korona haviwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Aprili akatangaza siku tatu za maombi ya taifa. Ukiisimulia hadithi hiyo nje ya Tanzania, msikilizaji hutikisa kichwa: imani imeishinda sayansi tena. Ila Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na alipotaka kuishambulia maabara ya taifa, Mei 2020, hakutumia andiko. Alisema sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na ugonjwa. Kupeleka sampuli ya siri ili kukipima kipimo ni mbinu ya kimaabara, ya mtu aliyesoma. Kilichokosekana ni hatua inayofuata: kuweka matokeo wazi, wengine wayarudie, wabishane nayo. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa mwezi huohuo.

Na nani waliosema kwa sauti kwamba ugonjwa upo? Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini na kuwataka wajikinge. Mwisho wa mwezi huo chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ana korona. Alifariki hospitali ya Muhimbili tarehe 17 Februari. Mkemia alikuwa akikanusha, maaskofu wakawa wanahimiza watu wanawe mikono. Mwezi mmoja kamili baada ya Maalim, tarehe 17 Machi, Magufuli naye akafariki, na tangazo rasmi lilisema ni maradhi ya moyo. Mrithi wake, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021.

Nimeirudia mara nyingi hadithi hiyo kichwani, na kila mara naona kwamba mstari haukupita kati ya dini na sayansi. Ulipita kati ya waliokubali kuulizwa na waliokataa. Kwenye mwezi, anayedai kauona lazima asimame ahojiwe. Kwenye korona hakuna aliyehojiwa.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewapa wasomaji sura ya kupendeza, na ningekuwa nimekwepa. Maana ipo sehemu ambapo elimu ya maabara na kauli ya dini, kama wengi wetu tulivyofundishwa kuielewa, zinagongana kweli, na hapo vibaraza vyote vimenyamaza.

Kidato cha nne, somo la baiolojia, kuna mada ya mageuko ya viumbe. Vitabu vya kiada huorodhesha nadharia: ya uumbaji, ya Lamarck, ya Darwin. Mwanafunzi huzikariri kwa mpangilio huo, na mtihani ukija huziandika kwa mpangilio huo. Kisha huvuka barabara kwenda darsani, ambako hujifunza kuwa Adam aliumbwa kwa udongo. Hakuna anayemwuliza anayaweka wapi maarifa hayo mawili. Wengine husema huo ni ushahidi kwamba sayansi na imani zinakaa pamoja kwa amani. Mimi naona zinakaa pamoja kama wapangaji wasioamkiana.

Sababu mojawapo, nafikiri, ni lugha. Mwezi tunaujadili kwa Kiswahili, pamoja na Kiarabu chake ambacho kila aliyepita chuoni anakijua kidogo. Baiolojia ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, huulizwa kwa Kiingereza, hujibiwa kwa Kiingereza, na mtihani ukisha huachwa hukohuko. Haifiki kibarazani, kwa hiyo haigombwi, kwa hiyo haieleweki. Kijana anayeweza kukueleza kwa nini digrii 6 hazitoshi kuonekana mwezi hawezi kukueleza, kwa lugha anayoota nayo, uteuzi wa asili ni nini. Mara nyingi atakwambia ni ile habari ya mtu kutokana na nyani, na atacheka. Hajaikataa. Hajaletewa.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa sehemu ya ushahidi iko nchini mwetu. Fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lilipewa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani hii yetu. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, ni za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Watalii wanaoshuka Kiembe Samaki kwa ndege ndogo kutoka Arusha wameshayasikia hayo yote kwa mwongoza watalii. Anayewabebea mizigo hajayasikia.

Na si kweli kwamba dini haina la kusema hapo ila kukataa. Husayn al-Jisr, sheikh wa Tripoli ya Sham, alichapisha mwaka 1888 kitabu alichokinasibisha na Sultan Abdulhamid, na ndani yake alisema kwamba ushahidi wa mageuko kwa wakati wake haujafikia yakini. Lakini ukifikia, aya zinaweza kufahamika kwa kuafikiana nao, maadamu Muumba ni Mungu. Hiyo ni kanuni ya Ghazali ikitumika kwa kitu kigumu zaidi. Ahmad bin Sumayt, nahodha na kadhi wetu, alikuwa Istanbul, mji wa Sultan huyo, katika muongo huohuo. Papa Pius wa 12 naye, mwaka 1950, aliwaruhusu wanavyuoni Wakatoliki kuutafiti mwanzo wa mwili wa binadamu, akaiweka roho kando kuwa ni kazi ya Mungu moja kwa moja. Unaweza kuyakataa majibu yote hayo mawili. Wanavyuoni wengi wa Kiislamu wa leo wanakataa la al-Jisr inapofika kwa Adam mwenyewe, na wana hoja zao za lugha na tafsiri ambazo haziwezi kupuuzwa. Ila kuyakataa kunahitaji kuyajua.

Walimu wa sayansi husomeshwa Chukwani, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege, katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1998 na shirika la kidini la daktari wa Kuwait, Abdulrahman Al-Sumait, ambacho sasa kinabeba jina lake. Daktari aliyejenga misikiti na kufungua chuo cha walimu wa fizikia na baiolojia hakuona mkanganyiko. Basi tuseme mmoja wa wahitimu wa kisiwa hiki, wa chuo chochote, analeta nyayo za Laetoli kibarazani usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe, kwa Kiswahili. Atajibiwa kwa ukali, sina shaka, na baadhi watanyanyuka. Watakaobaki watamfanyia walichozoea kuwafanyia mashahidi wa mwezi: nani aliyeziona, zilipimwaje, na umri huo umeujuaje? Atawaeleza kwamba nyayo zilikanyagwa kwenye jivu la volkano lililolowa mvua, likakauka, likafunikwa na jivu jingine. Kwamba jivu hilo lina madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka argoni kwa mwendo usiobadilika. Na kwamba anayepima argoni iliyonasa humo anahesabu miaka.